Uzi: Nimemruhusu mbwa wa kizibao chekundu, nikamfukuza mbwa wa kipofu. Nipigeni, lakini nielezeni

Mngoja_Mlango (mwanzilishi wa uzi)

Asalaam alaykum wana baraza, na ambao si Waislamu hamjambo.

Nafanya kazi mlangoni kwenye mkahawa mmoja upande wa Nyali. Nakaribisha wageni, nawatafutia meza, na anayekuja kifua wazi kutoka ufuoni namwomba avae shati. Mambo ya mbwa sijafunzwa na mtu.

Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja mtalii wa humuhumu nchini, miwani mikubwa, na kijibwa cha manyoya kwenye mkoba. Kijibwa kimevaa kizibao chekundu. Nikamwambia mbwa haingii. Akatoa kadi ina muhuri wa dhahabu, yasema huyu ni mnyama wa kumtuliza moyo, na kwamba nikimzuia nitashtakiwa. Mimi na kushtakiwa wapi na wapi! Nikamwachia.

Kilichofuata sitaki hata kukikumbuka. Kijibwa kilikalishwa kwenye kiti, kikalambishwa sahani ile ile ya mkahawa, kikambwekea kila weta aliyepita. Halafu kikaruka kikanyakua mshikaki mkononi mwa mtoto wa meza ya pili. Bibi yake yule mtoto aliinuka na buibui lake, akaondoka na watu saba, biriani imeachwa inafuka. Hasara ile niliikatwa mimi.

Siku tisa baadaye akaja mzee mmoja Mzungu na mkewe. Yeye kipofu, ana mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga aliyevalishwa hatamu yenye mpini mgumu mgongoni. Sikuuliza kitu. Nilisema mbwa hapana, marufuku, mzee. Akanijibu taratibu kabisa, mkewe akitafsiri kwa Kiswahili cha kuungaunga, kuwa yule ndiye macho yake. Nikasema wote husema hivyo. Akashukuru, naam, ALISHUKURU, wakatoka. Tuktuk ya kwanza ikawakataa, ya pili pia. Nikawatazama wanatembea juani saa saba mchana mpaka wakapinda kona.

Toka siku hiyo sijakaa sawa. Ningemjuaje wa kweli na wa uongo?

---

Baba_Kibokoni

Mbwa ni mbwa, na mkahawa ni wa kulia chakula. Hukukosea lolote. Ulikosea kwa yule wa kwanza tu.

---

Shombo_la_Marikiti

Na mimi nina paka anituliza moyo. Hasa akiwa amelala, maana akiamka ananiibia nguru. Nimshonee kizibao?

---

Mswahili_wa_Houston

@Mngoja_Mlango pole kijana wangu. Huku niliko haya ni ya kila siku, na hiyo kadi ya muhuri wa dhahabu naijua. Inauzwa kwenye intaneti kama maandazi. Unalipa, unajaza jina la mbwa, unaletewa kizibao, kadi na cheti. Hakuna anayemwona huyo mbwa. Serikali ya Marekani yenyewe haina daftari lolote la kuandikisha mbwa wa huduma, kwa hiyo ukiona mtu akutolea kadi ya "usajili" kwa mbwembwe, hapo ndipo pa kuanza kushuku.

Sheria ya hapa ya watu wenye ulemavu ni ya mwaka 1990. Kanuni zake zilikazwa 2010, zikaanza kutumika Machi 2011: mnyama wa huduma ni mbwa aliyefunzwa kufanya kazi maalumu kwa ajili ya mlemavu. Ni mbwa basi, ingawa wamewawekea nafasi farasi wadogo (msicheke, wapo). Mnyama wa faraja, yule ambaye kuwepo kwake tu kwakutuliza, hamo kwenye hesabu hiyo, na mkahawa haulazimiki kumwingiza.

Sasa sikiza, maana hili ndilo lako wewe mtu wa mlangoni. Mfanyakazi wa hapa, kama ulemavu hauonekani wazi, anaruhusiwa maswali mawili tu. Je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefunzwa kufanya kazi gani? Basi. Huulizi ugonjwa, hudai karatasi, humwambii mbwa afanye maonyesho. Na mzee kipofu aliyeshika mpini, hata hayo mawili humuulizi, jawabu liko mbele ya macho yako. Ila mbwa akibweka ovyo na mwenyewe hamtulizi, au akijisaidia ndani, unamtoa hata awe wa kweli namna gani.

Yule mama ungemuuliza la pili angekwama. "Amefunzwa kunipenda" si kazi.

---

Baba_Kibokoni

@Mswahili_wa_Houston sheria za Marekani zabaki Marekani. Sisi hapa tuna kwetu. Hao ndio hao walompeleka tausi uwanja wa ndege.

---

Mswahili_wa_Houston

@Baba_Kibokoni tausi ni kweli, Newark, Januari 2018, na shirika lilimkataa. Watu walipitiliza kwa sababu mnyama wa faraja alikuwa akipanda ndege bure, na mnyama wa kawaida analipiwa. Nguruwe, bata, kila mtu na wake. Mwisho wizara ya uchukuzi ikachoka: kanuni mpya zikaanza Januari 2021, mashirika hayalazimiki tena kuwatambua wanyama wa faraja. Aliyeumia hapo ni nani? Yule mwenye mbwa wa kweli, ambaye leo anajaza fomu ya kuapa kabla hajapanda, kwa ajili ya vijibwa vya wenzake.

Na California kudanganya kuwa mbwa wako ni wa huduma ni kosa la jinai, faini mpaka dola 1,000 au jela mpaka miezi sita, au vyote. Sina haja ya kukuleteeni sheria za watu, mzee wangu. Nasema walipita njia hii kabla yetu na mashimo yake yaonekana.

---

Fimbo_Nyeupe

Nimesomewa uzi huu wote na simu yangu, sauti yake ya kipua imenifanya nicheke penye mshikaki.

Mimi ni kipofu. Msijisumbue na "mwenye changamoto ya kuona", niteni kipofu, sioni haya, wala sioni kingine chochote. Nimekulia Likoni, nimesoma shule ya vipofu pale, na kila siku ya kazi navuka kwa feri.

Kwanza niwaeleze mbwa yule ni nini, maana naona mwadhani ni mnyama wa kumpapasa. Shule ya kwanza ya kuwafunza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani walianza 1929, Uingereza 1931 na mbwa wanne tu. Mpaka leo mbwa mmoja huchukua kama miaka miwili toka akiwa mtoto mpaka akabidhiwe mtu, na gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. Wengi wanaoanza hawafuzu.

Mbwa hajui njia ya kwenda posta, hilo ni kosa la wengi. Njia naijua mimi kichwani, yeye ananipitisha salama: anasimama penye ukingo, anazunguka shimo, anakwepa kinachoning'inia usawa wa uso wangu. Na lililo kubwa kuliko yote, amefunzwa KUASI. Nikimwambia twende na gari yaja, hatoki. Anakataa amri. Nitajieni binadamu wangapi Mombasa mwaweza kuwaajiri kwa sifa hiyo.

Mtaniuliza mbona mimi sina. Hebu fikirini. Njia ya miguu yenyewe iko wapi? Kutoka Mwembe Tayari kwenda Marikiti njia ya waenda kwa miguu imepangwa viatu, machungwa na mtumba. Boda zapita huko huko. Mbwa koko wanamzunguka. Watoto wamtupie mawe. Halafu joto la lami la mwezi wa pili, na yeye hana viatu. Nikifika mlangoni nakutana na @Mngoja_Mlango. Kwa hiyo nabaki na fimbo yangu, haili na haiharamishwi na mtu.

Lakini yule mzee alikuja naye kutoka kwao, na kwao hawajamtenganisha naye tangu siku aliyokabidhiwa. Kumwambia "ingia wewe, mbwa abaki nje" ni kama kuniambia mimi niingie fimbo niiache kwa askari. Ningegonga kila meza mpaka jikoni.

Sikulaumu sana, ndugu yangu. Lakini ulipotaja kuwa alishukuru, nilijua ni kweli yule ni kipofu. Sisi hushukuru tukifukuzwa. Tumezoea.

---

Konda_wa_Likoni

Eeh, hapo mwisho umeniua kaka.

Mimi upande wa matatu naongea ukweli. Kuku tunabeba chini ya kiti. Mbuzi kwenye keria. Mbwa sijawahi, na nikimpakia abiria wa nyuma wote watashuka na nauli watadai. Boss hataki kusikia hadithi ya Oldenburg. Ila kipofu wa fimbo mimi simwachi, namshika mkono nampandisha, mara nyingi hata nauli simtozi.

---

Fimbo_Nyeupe

@Konda_wa_Likoni nawajua nyinyi. Mwanishika mkono bila kuniuliza, mwanivuta kama gunia la makaa, halafu mwaniteremsha Mtongwe nami nilikuwa naenda mjini. Nauli nitoze bwana. Niulize kwanza.

---

Konda_wa_Likoni

Sawa mkubwa, imeniingia.

---

Baba_Kibokoni

Simchukii kipofu, Mungu shahidi. Lakini mwasahau mji huu ni wa watu gani. Mimi nimekaa na udhu wangu nangoja adhuhuri, mbwa aje anitingishie mkia na pua lake bichi kwenye kanzu. Nioshe mara saba, mojawapo kwa mchanga, mchanga wenyewe niutoe wapi Nyali, kwenye maua ya meneja? Na haki yangu mimi iko wapi? Hilo hakuna aliyelijibu.

---

Ustadh_wa_Pwani

@Baba_Kibokoni suali lako ni la haki, ami, na wanaolicheka hawajui tunavyoishi. Sisi wengi wetu pwani hii ni Shafii, na kwa Imamu Shafii mbwa ni najisi nzito, kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kama ulivyosema. Wamaliki wao wasema mbwa aliye hai ni tohara. Mimi sikutoi kwenye madhehebu yako, nakutajia tu kwamba wanazuoni walitofautiana.

Lakini ndani ya hayo hayo madhehebu yetu kuna mlango. Kikavu kwa kikavu najisi haihamii. Mbwa aliyelala mkavu chini ya meza ya bwana wake, umbali wa meza mbili, hajakunajisi kanzu wala udhu haujatenguka. Alambe sahani, hapo tuna mazungumzo mengine, na ndilo alilofanya yule wa kizibao chekundu. Mwaona tofauti? Kwa fikihi pia yule wa kwanza ndiye aliyevunja nyumba.

Kufuga mbwa bila haja kwapunguza thawabu, hadithi ipo. Wa kuwinda, wa mifugo, wa shamba wamevuliwa kwa sababu wana haja. Kipofu anayevuka barabara, haja yake ni ndogo kuliko ya mbuzi? Uingereza walilifikia hili kitambo: msikiti mmoja wa Leicester mwaka 2008 ulimkubalia kijana kipofu aje na mbwa wake, wakamtengea mbwa mahali pa kungoja karibu na mlango, si ndani wanaposwalia.

Na kwako @Mngoja_Mlango, sisemi mengi. Wewe ni mtoto wa madrasa. Nenda kasome sura ya Abasa katika Kurani, mwanzo wake, alipokuja kipofu akakunjiwa uso.

---

Mngoja_Mlango

Nimeisoma, Ustadh. Nimeisoma tangu utotoni kwa kuimba, wala sikuwahi kufikiri itanihusu mlangoni pa mkahawa.

---

Shombo_la_Marikiti

Uzi umekuwa mzito. Paka wangu bado yuko hapa, na yeye ni tohara kwa madhehebu yote. Nasema tu.

---

Daktari_wa_Ngombe

Niongeze la kitaalamu, mimi ni tabibu wa mifugo. Mwalumbana juu ya karatasi ya muhuri wa dhahabu, na kuna karatasi ambazo kweli zina maana na hakuna aliyezitaja.

Mbwa akiingia Kenya kutoka nje anatakiwa kibali cha idara ya mifugo, cheti cha afya na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Na shida ya mzee yule si kuingia, ni kurudi. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya inaziamini kwa kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mbwa anayetoka hapa kurudi kule lazima awe amepimwa damu kuonyesha chanjo imeshika. Mwenye akili humpima kabla hajaondoka kwao, la sivyo atangoja miezi mitatu baada ya kipimo. Mtu aliyepitia hayo yote ili aje kuona Fort Jesus ambayo hataiona kwa macho, huyo hajaja kukutapeli meza.

Kuhusu hofu ya watu: msiwacheke wanaoogopa mbwa. Karibu kila binadamu anayekufa kwa kichaa hicho aliambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza hatuna tiba. Nchi imejiwekea lengo la kuumaliza kufikia 2030. Chanjeni mbwa wenu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha mbio hospitali, siyo kwa mganga. Nimetoka nje ya mada, lakini nikipata jukwaa siliachi.

---

Ua_la_Asumini

Nilikuwa nasoma tu kimya. Naona kila anayetaja mnyama wa faraja anacheka, na mimi limenichoma kidogo.

Nilipata ajali ya barabarani, gari letu lilibiringika usiku. Mwili ulipona. Lakini kwa miezi nilikuwa nikisikia honi ya lori natetemeka mpaka meno yanagongana, na usingizi sikuujua. Kaka yangu akaniletea mbwa nyumbani Mtwapa, mbwa wa kawaida, masikio moja juu moja chini. Alikuwa analala juu ya miguu yangu. Uzito ule tu. Sijui nieleze vipi, nilikuwa nalala. Nilikwenda kwa mshauri pia, sikuacha.

Kwa hiyo faraja ni kweli. Uongo ni kizibao.

Mbwa wangu sijawahi kumpeleka mkahawani, kwa sababu hajafunzwa, na ataiba mshikaki kama yule. Kazi yake ni nyumbani. Nikiona watu wanatumia jina la ugonjwa kama wangu ili wasiache kijibwa chao hotelini, naona wanaiba mara mbili.

---

Mswahili_wa_Houston

@Ua_la_Asumini pole sana dada yangu, na umesema vizuri kunishinda. Niongeze jambo moja kwako: huku wapo pia mbwa waliofunzwa hasa kwa maradhi ya namna hiyo. Askari aliyerudi vitani akiota ndoto mbaya mbwa anamwamsha, anamwashia taa. Huyo ana kazi, kwa hiyo sheria inamhesabu sawa na wa kipofu. Ulemavu kutoonekana si hoja. Hoja ni kama mbwa amefunzwa kufanya kitu.

Na kwa nyumba za kupanga, mnyama wa faraja bado ana nafasi yake huku, kwa barua ya mtaalamu anayekujua. California walipoona barua zauzwa mtandaoni baada ya simu ya dakika tano, kuanzia 2022 wakataka uwe umehudumiwa na huyo mtaalamu angalau siku 30 kwanza.

---

Mwanasheria_Mtarajiwa

Naona mwataja sheria za Marekani kana kwamba Kenya hatuna kitu. Tunacho, ingawa Katiba haikutaja "mbwa". Katiba ya 2010, ibara ya 54: mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa utu wake, na ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma kwa kiwango kinachofaa, na kupata vifaa vya kumsaidia. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa ulemavu, na haiikatazi serikali peke yake, inamkataza hata mtu binafsi, pamoja na mwenye mkahawa. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia 2008 unataja, katika ibara ya 20, msaada ulio hai. Mbwa ni hai au si hai?

Yule mama wa kizibao hakuwa na cha kukushtakia. Yule mzee alikuwa nacho.

---

Baba_Kibokoni

Haya. Wa kipofu alale chini ya meza, mkavu, mbali na mimi. Wa mkoba akae kwao. Hapo nimekubali, msinisukume zaidi.

---

Mngoja_Mlango

Nawajibu kwa pamoja, nilikuwa zamu.

Nimempelekea meneja uzi huu. Alisoma mpaka kwa Daktari, akakuna kichwa. Tumekubaliana hivi: meza mbili za upande wa bustani, penye upepo, mgeni mwenye mbwa wa kazi atakaa huko akitaka, na akikataa kutengwa atakaa anapotaka. Maswali ni yale mawili. Bakuli la maji litakuwa la plastiki, la mbwa peke yake, halichanganyiki na vyombo. Pesa niliyokatwa hajanirudishia, hilo nimeliacha.

Mzee nimemtafuta. Kijana mmoja wa tuktuk aliniambia aliwapeleka wazungu wenye mbwa hoteli fulani Bamburi, huyo yeye hakuwakataa, Mungu ambariki. Nikaenda siku ya mapumziko. Walishaondoka juzi yake. Mpokezi akaniambia mbwa alikuwa akilala chini ya meza ya kifungua kinywa, na wageni wengine walikaa siku nne bila kujua yumo.

Sasa meneja anataka kibao cha mlangoni. Nimeandika hivi, nirekebishieni Kiswahili: "Wanyama hawaruhusiwi, isipokuwa mbwa waliofunzwa kuwasaidia wenye ulemavu. Wasioona na mbwa wao, karibuni sana."

---

Ustadh_wa_Pwani

Kiswahili kimenyooka. Ongeza "kwa heshima".

---

Konda_wa_Likoni

Andika kubwa, kwa rangi nyekundu.

---

Fimbo_Nyeupe

Kizuri mno, ndugu yangu. Na mimi nikifika hapo mlangoni, nani atanisomea?